Nani Atamfundisha Tabibu wa Usemi?

Mwanzoni mwa muhula huu mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, anayesoma isimu na Kiswahili, alikuja ofisini kuomba barua ya mapendekezo. Anataka kwenda Marekani kusoma shahada ya uzamili ili awe mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Ni binti makini, na barua ya mtu wa namna hiyo haichukui muda kuiandika. Kabla hajatoka akauliza: "Mwalimu, nikirudi nitaajiriwa kwa cheo gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimpigia simu rafiki yangu aliye katika utumishi wa umma, naye akanirudishia swali: "Hao watu mnao wangapi, Dokta? Leteni watu kwanza, muundo utafuata." Wiki hiyohiyo nililigusia jambo hili kwenye kikao cha idara. Mwenzetu mmoja akasema kwamba chuo hakiwezi kuanzisha programu ambayo ajira yake haijulikani. Kila upande unamngoja mwenzake avuke mto kwanza.

Wanaongoja kwa gharama kubwa zaidi hawapo kwenye vikao hivyo. Mjomba wangu, mwalimu mkuu mstaafu, alipatwa na kiharusi mwaka 2014. Mkono wa kuume ulilegea, na maneno yakampotea yote isipokuwa moja tu: "haya". Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Ukimtajia shamba lake, haya, huku machozi yakimlengalenga. Hospitali alikolazwa ilimpa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwa ajili ya mkono. Kwa ajili ya usemi haikuwa na mtu wa kumpa. Ndugu wakahitimisha kwamba akili zimekwisha. Kikao cha ukoo kikagawa shamba mbele yake, naye akisema haya, haya, na katibu akaandika kwamba mzee ameridhia.

Nilikuwepo. Na nilikuwa nimekwisha kufundisha mara nyingi habari za Paul Broca, daktari wa Paris ambaye mwaka 1861 aliuchunguza ubongo wa mgonjwa aliyeitwa "Tan", kwa kuwa hiyo ndiyo silabi aliyoweza kuitamka, ingawa mengi aliyoambiwa aliyaelewa. Hali hiyo tunaiita afasia. Nilieleza kikaoni, nikasikilizwa kwa adabu, shamba likagawanywa. Msomi wa isimu si tabibu, na watu wale hawakukosea kulijua hilo. Mjomba aliendelea kunyweshwa maji kwa kikombe, akipaliwa karibu kila funda, hadi homa ya mapafu ilipomchukua.

Kupaliwa huko nako kulimhusu mtaalamu yuleyule, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Mtaalamu wa usemi na lugha hushughulikia kigugumizi, mtoto aliyechelewa kusema, mtoto mwenye usonji, aliyefanyiwa upasuaji wa kaakaa lililopasuka, mwalimu aliyepoteza sauti kwa kupaza kila siku mbele ya darasa lililofurika, na pia mgonjwa ambaye chakula na maji vinamwingia kwenye njia ya hewa. Huchunguza umezaji wake, kisha huwaeleza ndugu mgonjwa akae vipi wakati wa kula, uji uwe mzito kiasi gani, na kwa wakati gani kinywaji chepesi ni hatari. (Kwa upande wa watoto, mahali penye pengo hili tumeweka wembe: asiyesema kwa wakati hukatwa udata, ile kamba ya chini ya ulimi, hata kama tatizo lake liko masikioni.)

Nilimwambia yule binti anachokwenda kukabiliana nacho. Cheti cha chama cha wataalamu wa fani hiyo cha Marekani hakipatikani kwa shahada ya kwanza. Sharti uwe na uzamili, ambao kwa kawaida ni wa miaka miwili, na saa 400 za mafunzo ya vitendo, kati yake 25 za kutazama na 375 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Kisha kuna mtihani wa kitaifa, na baada ya hapo kazi ya chini ya uangalizi isiyopungua wiki 36 na saa 1,260. Si kila nchi inayofuata njia hiyo. Afrika Kusini na Uingereza mtu anaweza kuanza kazi akiwa na shahada ya kwanza, wakati Chuo Kikuu cha Ghana kiliamua kuanzia uzamili. Jirani zetu wa Makerere walianza shahada ya kwanza mwaka 2008, kwa msaada mkubwa wa wataalamu wa kujitolea kutoka Uingereza. Na hapa kwetu Muhimbili wamekwisha kuweka shahada ya kwanza inayounganisha tiba ya usikivu na ya usemi. Kwa hiyo hatuanzii sifuri. Shahada ya kwanza itatupa watoa huduma. Watakaowafundisha na kuwaundia zana ndio ninaowatilia shaka.

Zana ndilo jambo linaloninyima usingizi. Fani hii hutibu lugha, na lugha ya mgonjwa wetu si ya kitabu alichosomea tabibu wake. Kipimo cha mtoto wa Kiingereza humsikiliza kama anatamka konsonanti za mwisho wa neno. Maneno yetu, kwa sehemu kubwa, huishia kwa irabu. Hakimuulizi kama anajua kwamba kitabu kimepotea lakini kalamu imepotea, ilhali upatanisho wa ngeli ndio uti wa mgongo wa sarufi yetu. Mtoto asemaye "karamu" akiwa ameshika kalamu pengine hana kasoro yoyote. Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi sauti hizo mbili, naye anazungumza kama wazazi wake. Tabibu aliyefunzwa vizuri kabisa, lakini kwa Kiingereza pekee, anaweza kumpa tiba asiyoihitaji na kumpita mwenzake anayeihitaji.

Mwaka 2005 Kamil Ud Deen alichapisha kitabu juu ya watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, akaonyesha jinsi wanavyoachaacha viambishi vya nafsi na vya wakati kabla ya kuvimudu. Alifuatilia watoto wanne. Ni kazi njema, lakini watoto wanne hawatoshi kutengeneza kipimo cha taifa. Tabibu anahitaji kujua ni katika umri gani mtoto wa Tanga, wa Mwanza au wa Mbagala anayesema "potea" badala ya "kimepotea" apewe muda tu, na ni lini apewe tiba. Hiyo ni tasnifu kumi za uzamili, na hakuna chuo cha ng'ambo chenye sababu ya kutuandikia.

Ndiyo maana nadai uzamili wa miaka miwili ufundishwe hapa, baina ya skuli za tiba na idara za Kiswahili na isimu, upokee wauguzi, walimu wa elimu maalumu na wanaisimu, kila kundi likijazwa lilichopungukiwa. Wapo wasemao kwamba nchi yenye upungufu wa madaktari haina haki ya kuota anasa hii. Ningewaelewa kama kazi hii ingehitaji mitambo ya mabilioni. Inahitaji chumba tulivu, picha, kinasa sauti, msimamizi na muda. Chumba tutakipata. Msimamizi ndiye ambaye miaka michache ya kwanza itabidi tumwazime, kama Makerere walivyofanya, na hilo halina aibu.

Kwa wasomaji wangu walio katika utumishi, ombi langu ni dogo kuliko linavyosikika: cheo kiandikwe kwenye muundo, kwa jina lake na sifa zake, hata kama mwaka wa kwanza hakitakuwa na mtu. Mwanafunzi anayechagua fani husoma muundo kabla ya kusoma vitabu.

Barua ya yule binti nimekwisha kuituma. Nimemshauri kwamba akipata nafasi, tasnifu yake iwe juu ya watoto wanaozungumza Kiswahili, na aanze kukusanya sauti likizo hii, kwa idhini ya wazazi. Ameanza na mdogo wake wa miaka mitatu.