Kabla ya kupaka, soma kopo

Sisi ni walimu wenu wa kujitolea wa Nyarugusu, chaki bado ipo na sauti haijakauka. Mwezi huu tunaingia kwenye mambo ya urembo. Tunajua kuna watakaosema, ee, walimu wameishiwa, wameacha habari za mitihani sasa wanaandika habari za losheni. Lakini losheni zenyewe ndizo zilizotufuata darasani.

Ilianza hivi. Tulikuwa na binti mmoja anayekaa dawati la mbele, mwenye akili ya hesabu. Akaanza kukwepa kipindi cha michezo. Kisha akaanza kuja na kitenge kichwani kimefunika uso mpaka machoni, na tukimwita ubaoni anageuka upande usio na dirisha. Dada mmoja mwalimu alimwita pembeni. Uso ulikuwa mwekundu, unawaka, na mashavuni ngozi imekuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, hii haina mubaya, inatakatisha tu. Jua ndiyo inaniuma." Alikuwa na miezi minane anapaka. Hela alikuwa anapata kwa kuuza unga kidogo kidogo kutoka kwenye mgao, mama yake akidhani ni panya.

Unga, jamani. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 kila mmoja wetu anajua kikombe kimoja cha unga kina uzito gani nyumbani.

Basi tukaamua kufanya somo. Hatukutaka mahubiri, maana wasichana wamehubiriwa vya kutosha na mkorogo haujapungua. Tuliwaambia wanafunzi walete makopo matupu, tyubu zilizokamuliwa na maboksi, chochote ambacho nyumbani kinapakwa usoni au mwilini, na hatutauliza ni cha nani. Yakaja makopo kweli! Wavulana nao walileta, tena wengine bila aibu. Tukayapanga juu ya meza tukasoma maandishi ya nyuma, yale madogo ambayo hakuna anayeyasoma.

Hapo ndipo shule yetu ilipotusaidia. Watoto wetu wanafuata mtaala wa Kongo, wanasoma Kifaransa, na makopo mengi yameandikwa Kifaransa. Mbele kuna picha ya mwanamke mweupe anacheka, na neno "éclaircissant", maana yake kinachofanya rangi iwe nyeupe. Mengine yana Kiingereza, "lightening" au "whitening", ni jambo lile lile. Lakini neno la mbele ni la muuzaji. Siri iko nyuma.

Tulikuta mambo matatu ambayo tunataka kila nyumba iyajue.

La kwanza ni "hydroquinone". Hii inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Mwanzoni unang'aa kweli, hatutadanganya. Lakini mtu akiendelea miezi na miaka, tena juani, mashavu na vifundo vya vidole vinaweza kuingia weusi wa ajabu, kama bluu iliyochanganyika na majivu, na weusi huo ni mgumu sana kuondoka. Ndipo mtu anaongeza dawa ili aondoe doa ambalo dawa ndiyo imelileta. Huko Kinshasa wanaita tshoko, Tanzania wanaita mkorogo, na utani wa mitaani mnaujua: uso Fanta, mikono Coca. Watu wanacheka. Mwenye mikono hiyo hacheki.

La pili ni zile tyubu ndogo. Angalia majina kama "clobetasol" au "betamethasone". Hizi ni dawa za hospitali, za jamii ya steroidi, daktari anaziandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi, sehemu ndogo, siku chache. Hapa kwetu zinakamuliwa ndani ya losheni, zinakorogwa, mtu anapaka kuanzia kichwani mpaka kwenye kisigino. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, michirizi inatokea mapajani na mikononi, chunusi zinafumuka, nywele zinaota kidevuni kwa dada zetu. Kidonda kinachelewa kupona. Mama aliyejichubua miaka mingi akifika siku ya kupasuliwa ili mtoto atoke, kumshona ni kazi, ngozi haishiki uzi vizuri. Hili tungependa akina baba walisikie pia, kwa sababu tutawarudia.

Na kuna hila nyingine ya hizi tyubu. Mtoto ana mashilingi kichwani au shingoni, mzazi ananunua tyubu kwa mpita njia, anapaka, kesho yake muwasho umetulia. Anafurahi. Kumbe steroidi imenyamazisha muwasho tu, wadudu wa fangasi wako chini wanajitanua, na baada ya wiki yale mashilingi yamekuwa ramani. Mashilingi yana dawa yake ya fangasi. Mpeleke mtoto zahanati aonwe.

La tatu ndilo baya kuliko yote: zebaki. Ndiyo, ile ile ya wachimba dhahabu, ambayo wengi wetu kutoka Kivu tumeiona ikikamata dhahabu kwenye karai. Inatiwa kwenye sabuni na krimu za kung'arisha. Kwenye kopo inaandikwa "mercure", "mercury", "mercurio", "calomel" au herufi mbili tu, "Hg". Mara nyingi haiandikwi kabisa. Lakini kuna dalili moja ambayo darasa zima lilishangaa: ukisoma maelezo yanayosema kabla ya kupaka uvue pete, mkufu na hereni, au krimu isigusane na dhahabu, fedha wala aluminiamu, shtuka. Zebaki inakula madini. Mvulana mmoja akauliza, "Sasa kama inakula pete, kidole je?" Hatukuongeza neno.

Zebaki inaharibu figo. Inasumbua mishipa ya fahamu, mtu anatetemeka, halali, anasahau. Inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Tena haikai kwa mpakaji peke yake. Mwaka 2010 huko Marekani, katika majimbo ya California na Virginia, walipima familia ambazo mtu mmoja au wawili walikuwa wanatumia krimu ya namna hiyo, wakakuta zebaki imezidi mpaka kwa watu wa nyumba ile ambao hawakuwahi kupaka. Taulo moja, shuka moja, mto mmoja, shavu la mama kwenye shavu la mtoto. Fikirieni sasa nyumba zetu za chumba kimoja, tunavyolala watu sita.

Nchi nazo zimeshaona. Tanzania imekataza siku nyingi vipodozi vyenye zebaki na hydroquinone, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko kwa shirika la viwango, TBS. Côte d'Ivoire ilikataza krimu za kujichubua mwaka 2015. Rwanda ilianza kuzikamata madukani kwa nguvu kuanzia mwisho wa mwaka 2018. Na kuna mkataba wa dunia juu ya zebaki, unaitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambako watu waliugua kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani; mwaka 2023, kwenye mkutano wa Geneva, nchi za mkataba huo zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki viishe kufikia mwaka 2025. Sheria ipo. Ila sheria haitembei usiku kwenye njia za porini kama yule muuza krimu na mfuko wake wa rambo.

Tulipomaliza kusoma makopo, wasichana walinyamaza, kisha mmoja akasema ukweli ambao ulitupiga: "Mwalimu, sawa. Lakini mweupe ndiye anaolewa haraka." Wengine wakaitikia. Tungeweza kumjibu kwa haraka kwamba rangi si kitu. Lakini yeye anaishi hapa, anaona. Anamsikia kaka yake akisifia "mwanamke wa rangi". Anamwona baba akimwambia mama, mbona mke wa fulani anang'aa na wewe umekuwa kama sufuria? Anasikia bibi akimbeba kitukuu na kusema asante Mungu, ametoka mweupe. Halafu siku binti akinunua tyubu, tunamgombeza yeye peke yake. Sisi tunasema hapana. Baba uliyemwambia mama maneno ya sufuria, hilo kopo mmelinunua pamoja.

Tukawaonyesha kitu kimoja. Hapa kambini tunao ndugu zetu wenye ualbino. Wao ngozi yao haina ile rangi, kwa hiyo jua linawachoma mpaka saratani, na wanahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta maalum ya kuzuia jua. Huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, yalianza kutengenezwa mafuta ya namna hiyo yaitwayo Kilisun kwa ajili yao, hapa hapa Tanzania. Yaani watu wenye elimu wanakaa maabara kutengeneza ndani ya chupa ulinzi ambao sisi wengine tumezaliwa nao mwilini, na sisi tunauza unga ili tuukwangue. Kijana mmoja mwenye ualbino, mwanafunzi wetu, alikuwa amekaa hapo hapo. Akasema, "Nyie mnachezea jua." Alisema akitabasamu, lakini hakuna aliyecheka.

Sasa msije mkasema walimu wanakataza urembo. Hata! Sisi wenyewe tunapenda kupendeza, muulizeni fundi cherehani wa karibu na shule tunavyomsumbua kwa vitenge. Ngozi inataka mafuta, tena ya bei ndogo. Kigoma ni nchi ya michikichi: mafuta ya mise, yale yanayotoka ndani ya kokwa, yanalainisha vizuri sana, harufu yake mtaizoea. Mafuta ya mgando yanafaa, gliserini iliyochanganywa na maji kidogo inafaa. Siri ni kupaka mara tu ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, ili maji yafungiwe ndani. Sabuni kali ya kufulia ndiyo inayotufanya tuwe na ukurutu wa kijivu kwenye miguu. Ukiwa huna nyingine, itumie sehemu zenye jasho na uchafu, usijisugue mwili mzima kila siku. Chunusi usizikamue, maana doa jeusi analoliacha kucha ni kubwa kuliko chunusi. Na mama mjamzito aliyeota weusi usoni asiogope wala asikimbilie tyubu. Kwa wengi weusi huo unapungua wenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kofia au kitenge kichwani kitasaidia.

Dawa ya kulainisha nywele tutaigusa kidogo tu. Nyingi zina costic soda, ile ile ambayo akina mama wanachemshia mawese kutengeneza sabuni. Mnajua inavyofanya mkono. Kwa hiyo isikae kichwani zaidi ya muda ulioandikwa, isipakwe kwenye kichwa chenye kidonda, na watoto wadogo wasukwe tu, wanapendeza. Hereni za bei rahisi zikifanya sikio litoe maji na kuwasha, mara nyingi ni madini ya nikeli yaliyomo. Zivue, osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na usirudishe zile zile. Sindano ya kutoboa masikio isipite kutoka mtoto hadi mtoto. Hapo hatubembelezi.

Wale ambao tayari mnapaka, haya ndiyo ya muhimu, someni taratibu. Krimu ambayo mnaishuku kuwa na zebaki, acheni leo, ifungeni ndani ya mfuko wa plastiki, msiichome moto na msiitupe chooni wala mtoni, mulizeni zahanati pa kuipeleka. Taulo na shuka zifuliwe. Lakini zile tyubu za clobetasol, kama umepaka mwili mzima kwa miezi mingi, usiache ghafla peke yako nyumbani. Mwili umezizoea, ukiziondoa kwa siku moja ngozi inaweza kuwaka moto, na wengine wanaishiwa nguvu kabisa. Nenda hospitali na tyubu yenyewe mkononi, mwonyeshe mganga, akupangie namna ya kupunguza. Usione haya. Waganga wamekwisha kuona mengi kuliko uso wako. Mjamzito na anayenyonyesha aende kwanza kabla ya wote.

Binti yetu wa dawati la mbele alipelekwa na mama yake mwenyewe, baada ya habari ya unga kujulikana. Nyumbani kulikuwa na kelele siku hiyo, hatuwezi kuficha, lakini mama alifunga kanga akaenda naye, wakakaa foleni tangu asubuhi. Uso bado haujarudi kama zamani. Wakati wa jua kali tumemruhusu akae darasani wengine wakicheza, na anatumia muda huo kuwafundisha wadogo kugawanya sehemu.

Jumamosi zote za mwezi huu, saa nne asubuhi, tutakuwa darasani na meza ya makopo. Kama una tyubu ambayo hujui imeandikwa nini, leta, tutakusomea. Kifaransa, Kiingereza, vyote vipo. Unaweza kumtuma mtoto, unaweza kuifunga kwenye gazeti. Jina hatuulizi.