Manono Haikulala

Kuna msemo unanikera, na wiki hii nimekutana nao mara mbili, mara ya pili ndani ya shairi: eti Manono ni "hazina iliyolala". Jamani, ililala lini?

Manono ipo mkoa wa Tanganyika, kusini-mashariki mwa Kongo. Kampuni ya Kibelgiji, Géomines, ilianza kuchimba bati pale mwaka 1919. Miaka ya 1930 mgodi ukapata umeme wake kutoka Mpiana-Mwanga, kwenye mto Luvua. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, bati la Kongo likagombaniwa kama maji ya jangwani. Mwaka 1961 majeshi yalipigania mji huohuo wakati Katanga ilipojitenga. Hapo nani alikuwa amelala?

Nimekulia Kigoma. Jirani yetu, mzee tuliyemwita Baba Manono, alivuka ziwa wakati wa vita na masufuria mawili na watoto watatu. Alikuwa amefanya kazi mgodini tangu ujana. Alituhadithia jinsi walivyosaga mwamba, wakaosha, wakachukua punje nyeusi nzito, zile za bati, na kilichobaki wakakimwaga. Kilichobaki kilikuwa kingi kuliko kilichochukuliwa. Vikawa vilima. Watoto walicheza juu yake, na mawe meupe marefu yaliokotwa kwenda kujengea misingi ya nyumba.

Mawe yale ndiyo spodumeni, na ndani yake mna lithiamu.

Wala haikuwa siri. Jina spodumeni lilitolewa mwaka 1800 na José Bonifácio de Andrada e Silva, yule yule aliyekuja kuongoza harakati za uhuru wa Brazili, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuungua kuwa majivu. Lithiamu yenyewe ilitambuliwa mwaka 1817. Wanajiolojia wa kikoloni waliijua miamba ya Manono na yaliyomo. Ila mnunuzi alitaka bati, basi mengine yakawa makapi. Kitu hicho hakikulala, kilitupwa, na waliokitupa walikuwa na daftari la hesabu.

Ndiyo maana naugombania msemo huu. Ukisema hazina imelala, unafuta miaka sitini na ushee ya migongo ya watu, halafu anayekuja leo na mashine ya kutoboa anaonekana ndiye wa kwanza kufika. Bei ya bati ilianguka vibaya mwaka 1985, mgodi ukafa, vita vikamalizia. Hata hivyo watu wa Manono waliendelea kuchekecha kasiteriti kwa mikono. Halafu dunia ikataka betri za magari. Kampuni ya Australia, AVZ, ikapima na kutangaza tani milioni 400 za mwamba wenye lithiamu. Tangu hapo kuna kesi juu ya kesi, kati yake na Zijin ya China na Cominière, kampuni ya serikali ya Kongo. Wanashitakiana juu ya mwamba uleule ambao Baba Manono aliulipwa kwa kuusaga.

Kuna rafiki aliyeniambia niache, fasihi si jiolojia. Sawa. Lakini fasihi ni maneno, na neno "iliyolala" limetoka kwenye vipeperushi vya wawekezaji, sisi tumeliokota bila kulipangusa vumbi. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, aliandika *Tram 83* kuhusu mji wa migodi, na aliiandika kwa Kifaransa. Sisi wa Kiswahili, lugha inayosemwa Manono kwenyewe, tunaandika ama maombolezo ya "laana ya madini" ama sifa za "madini ya kimkakati". Katika yote mawili hakuna mtu aliyeshika koleo.

Bei ya lithiamu nayo ilipaa hadi mwisho wa 2022, kisha ikaporomoka kwa zaidi ya nusu. Jiwe halikubadilika hata chembe.

Baba Manono alifariki kabla simu zetu hazijaanza kuitaja lithiamu. Mwanawe wa pili bado yupo Kigoma, anauza dagaa. Nilipomsomea lile shairi aliniuliza kama mwandishi amewahi kubeba ndoo ya mchanga uliolowa. Nimemwandikia mshairi kumuuliza. Hajajibu.