Kujiamini Si Ujuaji

Akina mama wenzetu, kujiamini ni akiba kubwa nyumbani. Mama asiyejiamini huhangaika huku na huko kila mtoto anapokohoa, na hofu yake huwaingia hata watoto. Lakini kujiamini kukipita kiasi hugeuka ujuaji, na ujuaji unaweza kugharimu uhai wa mtoto.

Tuchukue mfano wa homa. Wengi wetu tumelea watoto watatu au wanne. Tunamgusa mtoto kwenye paji la uso, tunasema, "Hii ni malaria," kisha tunamtuma mkubwa wake duka la dawa. Mkono umetuambia kweli kwamba mtoto ana joto. Haukutuambia joto hilo limetoka wapi. Nimonia huleta homa, na maambukizo ya njia ya mkojo pia, wala dawa ya malaria haiyaponyi. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu na dakika 15 hadi 20 tu.

Je, basi tusijiamini? La, hasha! Mama anayejiamini hufanya analoliweza. Humpunguzia mtoto nguo, humnyonyesha au humnywesha mara kwa mara, na humhesabia pumzi akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mtoto huyo apelekwe zahanati.

Tena mama huyo anaujua mpaka wake. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, hasubiri kukuche. Hupelekwa hospitali mara moja.

Tofauti iko hapo. Anayejiamini huuliza; mjuaji huona kuuliza ni aibu. Muuguzi akisema, "Mama, hii si malaria," anayejiamini hushukuru na kufuata maelekezo. Mjuaji hununa, kisha hununua dawa ile ile njiani.

Uzoefu wetu wa kulea ni mali. Utusaidie kutambua mapema kwamba mtoto anaumwa, lakini usituzuie kuuliza anaumwa nini.