Mhitimu, Benki na Mlango wa Kutokea

Miongoni mwa mambo ambayo chuo kikuu hakimfundishi kijana, ijapokuwa atakutana nayo kabla ya wino wa shahada yake kukauka, ni namna benki inavyobadilisha sura siku mteja wake anapoacha kuwa mwanafunzi. Benki ile ile iliyompokea kwa bashasha akiwa na miaka 18, ikamfungulia akaunti bila ya ada, ikampa ovadrafti, yaani ikamwachia atoe fedha zaidi ya alizoweka, na isimdai hata senti moja ya riba, humwandikia barua fupi ambayo aghalabu haifungui, na baada ya miezi kadhaa makato huanza kulila salio lake mwezi baada ya mwezi, naye asijue yametoka wapi.

Nianze na Uingereza, maana huko ndiko mtindo huu ulikokomaa, na huko wanasoma watoto wengi wa jamaa zetu waliohamia miaka ya nyuma. Kila mwaka, karibu na mwezi wa Septemba, benki kubwa za huko hushindana kuwavuta wanafunzi wapya, hii ikitoa fedha taslimu, ile ikitoa kadi ya kupunguziwa nauli ya treni, na takriban zote zikiahidi ovadrafti isiyo na riba ambayo huweza kupanda mpaka pauni 2,000 au zaidi kadiri mwanafunzi anavyosonga mbele katika masomo. Ukarimu huo una hesabu yake: mtu akishazoea benki moja huihama kwa nadra, na kijana aliyepatikana mapema huenda akabaki mteja mpaka uzeeni, mshahara wake ukapita humo na mkopo wa nyumba akauchukua humo humo. Akihitimu, akaunti yake hugeuzwa kuwa akaunti ya mhitimu, na kikomo cha deni lisilo na riba hushushwa daraja kwa daraja, kwa kawaida katika muda wa miaka miwili au mitatu. Muda huo ukipita, akaunti huwa kama ya mtu mwingine yeyote, na ovadrafti ya mtu mwingine yeyote, katika benki nyingi kubwa, ina riba ya karibu asilimia 40 kwa mwaka. Chukua mhitimu wa kukisia tu, aliyepata kazi ya kwanza baada ya kuhangaika, na ambaye bado ana deni la pauni 1,200 lililobaki kutoka chuoni. Siku daraja la mwisho linapoondolewa, asipofanya neno, benki itamkata pauni 34 hivi kila mwezi kwa deni ambalo jana halikuwa na gharama. Hakununua kitu wala hakukopa upya; kilichobadilika ni tarehe.

Watetezi wa mabenki husema, na husema kweli, kwamba yote haya yaliandikwa katika mkataba, na mkataba ulitiwa saini kwa hiari. Hujja hiyo ina uzito wake, walakini haimalizi shauri. Mkataba uliotiwa saini na kijana katika juma lake la kwanza mjini, akitafuta chumba na vitabu kwa wakati mmoja, juu ya jambo litakalomfika akiwa na miaka 23 au 24, ni mkataba ambao upande mmoja unaukumbuka na upande wa pili umekwisha kuusahau. Na mwenye kumbukumbu, akiwa ndiye pia mwenye kufaidika na usahaulifu wa mwenziwe, insafu inamtaka aseme kwa sauti inayosikika. Barua moja iliyopelekwa kwenye anwani ya bweni ambalo mhitimu alikwisha kulihama haistahili kuitwa taarifa.

Wahitimu wenyewe walipata kuonyesha nguvu yao mwaka 2007. Majira ya joto ya mwaka huo benki ya HSBC iliwaondolea waliokuwa wakihitimu ovadrafti isiyo na riba, ikaanza kuwatoza asilimia 9.9 kwa deni lisilozidi pauni 1,500. Wakati ulikuwa mwafaka kwa tajiri, kwa kuwa ni likizo, vyuo vimefungwa, wanafunzi wametawanyika makwao, na hapakuwa na ukumbi wa kukutania wala ubao wa kubandika tangazo. Lakini mmoja wa viongozi wa umoja wa kitaifa wa wanafunzi, Wes Streeting, ambaye mwaka 2024 alikuja kuteuliwa Waziri wa Afya wa Uingereza, alianzisha kundi katika Facebook, mtandao uliokuwa bado mchanga, na maelfu wakajiunga, wengi wakitishia kuhamisha akaunti zao. Agosti haijesha, benki ikarudi nyuma na kuisitisha riba ile. Wanaokihadithia kisa hiki hupenda kuupa sifa mtandao. Mimi sifa naipa kile kitisho, maana maneno makali benki huyapokea kila siku na hulala usingizi wake. Kilichoiondolea usingizi ni fikira ya madaktari, wahandisi na mawakili wa kesho kuondoka kwa pamoja, tena kabla hawajaanza kulipwa mishahara ya maana.

Sheria, kwa wakati huo, haikuwa msaada mkubwa. Mwaka huo huo ofisi ya serikali iliyosimamia uadilifu wa biashara ilizipeleka mahakamani taasisi nane za fedha juu ya ada alizotozwa mtu aliyevuka salio bila ya idhini, ada zilizoweza kufika pauni 30 na zaidi kwa kosa moja. Na tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili tangu kufunguliwa, ikahukumu kwamba ada hizo ni sehemu ya bei ya huduma nzima, na kwa hiyo kanuni zilizokuwapo hazikuipa ofisi ile uwezo wa kuipima bei hiyo kama inalingana na kinachotolewa. Waliokuwa wakingojea kurudishiwa fedha zao wakaondoka mikono mitupu. Ilipita zaidi ya miaka kumi ndipo msimamizi mpya wa mambo ya fedha, kuanzia Aprili 2020, alipozipiga marufuku ada za siku na za mwezi katika ovadrafti, akaamuru kila benki itoze riba moja ya mwaka, iliyo wazi, na isimtoze aliyevuka bila idhini zaidi ya aliyeruhusiwa. Benki zilitii, kisha nyingi zikaipandisha riba hiyo moja mpaka karibu asilimia 40, kwa kufanana kulikomfanya msimamizi mwenyewe azitake zieleze zilivyoifikia. Pamoja na hayo nasema kanuni ile ilikuwa na heri, kwa sababu mdaiwa wa kidogo sasa hulipa kwa kadiri ya kidogo chake: pauni 100 humgharimu peni zipatazo 10 kwa siku, ilhali zamani wapo waliotozwa pauni 5 kwa siku hiyo moja.

Dawa iliyo mkononi mwa mhitimu mwenyewe, hata hivyo, ni kuhama. Tangu Septemba 2013 Uingereza ina utaratibu wa kuhamisha akaunti kwa siku saba za kazi. Mteja huenda benki mpya, akachagua tarehe, na taabu yote iliyobaki ni ya benki hiyo: maagizo ya kulipa kodi ya nyumba, umeme na simu huhamishwa, mshahara uliopelekwa kwa mazoea kwenye akaunti ya zamani huelekezwa kwenye mpya, na likitokea kosa lenye gharama katika uhamisho, si mteja anayelipa. Nyakati nyingine benki humlipa anayehamia pauni 100 au zaidi kwa kuja kwake tu. Kuna fundo moja, nalo ni kubwa: deni la ovadrafti halijihamishi. Ama benki mpya ikubali kulibeba, ama mhitimu apatane na ile ya zamani namna ya kulilipa. Kwa hiyo anayehitaji zaidi kuondoka, yule aliyekwisha kuzama, ndiye mwenye miguu mizito, na ndiyo maana napenda kuwaambia vijana wetu walioko huko kwamba wakati wa kuhama ni ule ambao bado hawajaona haja ya kuhama. Mwenye shahada ya mwaka jana bado anatamaniwa, na zipo benki zinazompa akaunti ya mhitimu hata kama hakupata kuwa mteja wao, zikamvumilia deni bila ya riba mpaka kikomo fulani. Akingoja miaka mitatu, hana tena jina la mhitimu katika vitabu vyao.

Sasa tuje kwetu. Mhitimu wa Mombasa au Kisumu hatakutana na ovadrafti katika tawi lenye kiyoyozi; atakutana nayo dukani, mbele ya mwenye duka, simu mkononi. Amenunua unga, mafuta na sabuni kwa shilingi 620, M-Pesa yake ina 420, na kwa kuwa alikwisha kujiunga na Fuliza, malipo yanapita na shilingi 200 zinaandikwa deni. Huduma hii ilizinduliwa na Safaricom mwezi wa Januari 2019, ikishirikiana na benki za CBA na KCB. Mtumiaji hutozwa asilimia moja ya alichokopeshwa, kisha ada ya kila siku mpaka deni liishe, na fedha yoyote itakayoingia kwenye laini yake hukatwa kwanza. Mwaka 2022 ada ya siku kwa madeni madogo ilipunguzwa nusu, na siku tatu za mwanzo zikasamehewa, jambo la kushukuriwa. Lakini hebu tupige hesabu. Shilingi 200, kwa ada ya shilingi 3 kwa siku, zikikaa siku 30 na tatu kati ya hizo zikiwa za bure, zimezaa shilingi 81, ukiongeza na 2 za kuanzia ni 83. Hiyo ni zaidi ya asilimia 40, na ni ya mwezi mmoja. Mwingereza analalamika kwa kiasi hicho kwa mwaka mzima. Aliyekopa shilingi 500 naye hutozwa shilingi 3 zile zile, maana yake mwenye haja ndogo, ambaye mara nyingi ndiye mwenye pato dogo, ndiye anayenunua mkopo kwa ghali. Ada ya siku isiyotazama ukubwa wa deni ndiyo ile ile iliyopigwa marufuku Uingereza mwaka 2020.

Wapo wasomaji wa pwani watakaosema kwamba riba ni haramu ije kwa mwezi au ije kwa mwaka, na kwao mjadala umekwisha. Siwapingi, na tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, Gulf African Bank na First Community Bank zikitangulia. Lakini ada ya huduma huingia hata katika simu ya mcha Mungu, kwa kuwa haikujiita riba.

Je, mhitimu huyu atahamia wapi? Mwenye simu nchini Kenya ameruhusiwa tangu Aprili 2011 kuhama kampuni akaondoka na namba yake, na walioitumia ruhusa hiyo ni wachache, kwa sababu namba ilihama lakini M-Pesa haikuhama pamoja nayo. Kwa upande wa mshahara hali ni nzito zaidi. Mwajiri humwelekeza mfanyakazi mpya afungue akaunti katika benki fulani. Benki hiyo, baada ya miezi michache, humtangazia mkopo wa mshahara, na kabla ya kuupata hutakiwa alete barua ya mwajiri inayoahidi kwamba mshahara utaendelea kupita hapo mpaka deni liishe. Tangu siku hiyo kuhama ni jina tu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumkata mfanyakazi zaidi ya theluthi mbili za mshahara wake, ili theluthi moja ifike nyumbani. Lakini ulinzi huo unaishia kwenye karatasi ya mshahara. Theluthi ile ikishaingia benki, ovadrafti, ada ya kuendesha akaunti na ada ya agizo lililokosa fedha zinaingojea humo, na hakuna aliyeitungia theluthi hiyo theluthi yake.

Wala tusidhani kwamba ada ikishaandikwa haifutiki. Nchini Tanzania wanufaika wa mikopo ya elimu ya juu walinung'unika kwa miaka juu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliwafanya wengine waone deni linakua ilhali wanalipa, mpaka Mei Mosi ya mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta.

Sheria za kumlinda mteja tunazo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki ya Kenya kinaitaka benki ipate idhini kabla ya kupandisha ada zake, na kinachofuata, 44A, kinaizuia riba ya mkopo uliokwama isiupite mkopo wenyewe. Tanzania nayo ina kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Mifumo ya kupeleka fedha kutoka benki hadi benki kwa dakika chache ipo pande zote mbili. Tunachokosa ni kanuni ya kuhama: inayotaja siku ngapi, inayomwekea mteja onyo la simu miezi miwili kabla ya akaunti yake kugeuzwa, inayoibebesha benki mpya taabu ya kuhamisha maagizo, na inayosema kwamba ahadi ya mwajiri hukoma siku benki mpya inapokubali kulilipa deni la ile ya zamani. Kanuni huchukua muda. Waajiri hawana haja ya kuingoja: katika fomu ya ajira, pale palipochapwa jina la benki, paachwe mstari mtupu, na mfanyakazi aujaze mwenyewe.