Eti Kazini Hatuendi Kutafuta Marafiki

Binti anarudi nyumbani Jumapili kutoka shamba la chai, anasema wenzake wamemgeuka, wamemnunia, nyapara naye hamtaki. Anajibiwa vile vile, iwe Litein, Sotik au Mogogosiek: "Vumilia. Kazini hukwenda kutafuta marafiki." Anamiminiwa chai, na maneno yanaishia hapo. Ushauri huo ni mbaya popote, na kwetu kwenye chai ni wa hatari.

Ushauri huo unatenganisha kazi na watu wanaoifanya, kana kwamba uhasama ni kelele tu za kuzibia masikio. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Nyapara ndiye anayempangia asubuhi mistari ya kuchuma. Mchumaji akiwa mtu wake, anawekwa penye michai iliyochipua vizuri. Akichukiwa, anasukumwa pembeni ambako chipukizi ni za kuokoteza, na anaweza kuinama hadi mgongo ukakataa bila kikapu kujaa. Kisha inakuja mizani. Kericho mvua ya alasiri ni jambo la kila siku, majani yanafika yamelowa, na karani anapunguza kilo za maji. Anapunguza ngapi? Hapo chuki inapata mlango. Huyu akikatwa mbili na yule tano, hajatukanwa mtu wala hajapigwa, lakini mwisho wa mwezi karo ya mtoto haitoshi. Sasa huyo mama tumwambie hakwenda pale kutafuta marafiki?

Jioni hana pa kukimbilia. Nyumba ni ya kampuni, na aliyemsengenya shambani ndiye jirani yake kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi, wanachota maji bomba moja. Akiacha kazi anaacha na nyumba, pengine na shule ya watoto. Wenye kumdhulumu wanalijua hilo kuliko sisi tunaomshauri.

Tunajua pia uvumilivu huo umetufikisha wapi. Februari 2023, shirika la BBC lilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walisema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 hawapatwi na jambo kwa siku moja. Kila mmoja alikuwa na jamaa, na wengi wetu tunajua jamaa hao wangesema nini. Na tusisahau machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, wavamizi walipoingia katika shamba la Unilever Kericho na kushambulia watu kwa sababu ya kabila lao. Wakenya 218, wafanyakazi na jamaa zao, walipeleka kesi London dhidi ya Unilever. Mahakama ya Rufani ya huko ikawakatalia 2018. Chuki ya kabila iliyolelewa kimya kimya kwenye laini haikuwa mambo madogo ya kuachiwa wenyewe.

Najua jibu litakalokuja: kazi ni adimu. Ni kweli. Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchuma chai Kericho kwa sababu hiyo hiyo, mashine inakula nafasi za mikono. Ndiyo maana simwambii mtu arushe kikapu leo na kushika barabara. Aliye kwenye mkataba wa mwezi akiondoka ghafla anaweza kudaiwa malipo ya siku 28 za notisi, na anayemchukia atakuwa amemwondoa bila gharama yoyote.

Ninachotaka ni tubadilishe swali. Badala ya kumuuliza binti kama anaweza kuvumilia, tumuulize anapoteza nini. Kama wenzake hawamsalimii tu, wanakula chakula cha mchana kivyao, na kilo zake ziko sawa, abaki akitafuta kwingine polepole. Inauma, lakini haimfilisi. Kama kilo zinapungua, aanze kuandika: tarehe, uzito, jina la karani, nani alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Aombe kwa maandishi ahamishiwe kundi lingine, abaki na nakala. Amwone mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, na asiende peke yake. Kama mwakilishi ni rafiki wa nyapara, aende ofisi ya leba.

Na kama anadaiwa mwili wake ili apewe kazi nyepesi, hapo hakuna cha kupima. Atoke kwenye mikono ya mtu huyo siku hiyo hiyo, na sisi tumfungulie mlango hata kama nyumbani tuko wengi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Tena mwaka 2015 Mahakama ya Rufani yetu ilikubali kwamba mtu aliyefanyiwa kazi isikalike hadi akaondoka anaweza kuhesabiwa kuwa amefutwa. Kwa hiyo kuondoka si lazima kuwe kushindwa. Kunaweza kuwa mwanzo wa madai, mradi karatasi zipo.

Wazazi wa Konoin, Belgut na Bureti, mtoto akirudi Jumapili hii na uso umekunjamana, msimkimbilie na methali. Muulizeni nyapara wake anataka nini, kisha nyamazeni mpaka amalize kujibu.