Mbwa wa Bagamoyo auliza: Mnakimbilia wapi, wavuja jasho?

Ndugu msomaji, wiki hii safu hii nimempisha mbwa koko wa Bagamoyo. Usishangae. Vyama vingi vilirudi nchini mwaka 1992, na sijasikia kwamba kuuliza maswali ni kazi ya waheshimiwa peke yao. Isitoshe, mbwa hana kadi ya chama chochote, kwa hiyo hakuna atakayesema ametumwa. Haya, msikilizeni.

Mimi ni mbwa. Makazi yangu ni ufukweni karibu na soko la samaki, na kitanda changu ni kivuli cha ngalawa. Mchana napigwa mawe. Usiku walewale walionipiga mawe wanalala usingizi mnono kwa sababu mimi niko macho. Hayo nimeyazoea. Lakini kuna jambo moja la binadamu ambalo mimi na wenzangu tumelijadili mpaka tumechoka: kwa nini mnakimbia na hakuna anayewafukuza?

Siku za mapumziko, alfajiri, nawaona. Fulana za rangi moja, namba zimebanwa kwa pini kifuani kama ng'ombe wa mnadani. Mbio! Natazama nyuma yao: hakuna fisi, hakuna mgambo. Natazama mbele yao: hakuna mfupa. Wanafika mahali, wanageuka, wanarudi walikotoka. Halafu wanavishwa medali na kujitupa chini ulimi nje. Sisi tukilala ulimi nje mnasema mbwa mvivu. Kubwa kuliko yote, nasikia mbio hizo mtu analipa kiingilio. Analipa ili ateseke!

Mbio kubwa kuliko zote ni kilometa 42 na mita 195. Niliuliza hizo mita 195 zilitoka wapi. Nikaambiwa London, mwaka 1908. Mbio za Olimpiki zilianzia kasri la Windsor, na mstari wa mwisho ukawekwa uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya mfalme. Mnaona? Dunia nzima mpaka leo inajinyonga kwenye zile mita za mwisho kwa sababu ya mahali wakubwa walipoketi.

Hata hivyo sidharau. Katika mbio fupi hakuna kati yenu wa kunishika, lakini jua la Februari likishakaa utosini mimi natafuta kivuli, na ninyi bado mnakwenda. Siri yake ni jasho. Mbwa hutoa jasho kidogo tu, nyayoni. Joto lake analitoa kwa kuhema, na manyoya yanamfunika kama blanketi. Binadamu anavuja jasho mwili mzima, upepo unampuliza, anapoa huku anakwenda. Kule Kalahari wapo wawindaji waliomfuata mnyama mwenye mbio kuliko wao, kwa miguu, juani, mpaka mnyama akaanguka kwa joto.

Kwa hiyo neno "wavuja jasho" si la mikutano ya hadhara tu. Ndivyo mlivyoumbwa. Na hapo ndipo balaa lenu lilipoanzia. Kila aliyegundua kwamba kiumbe huyu anavumilia, alimpandia mgongoni.

Anzieni hapa hapa Bagamoyo. Misafara ya karne ya 19 ilitembea kutoka Ujiji kupitia Tabora mpaka pwani hii, zaidi ya kilometa 1,000, miezi kwa miezi, pembe za ndovu begani. Mzungu Stanley alipotoka hapa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na mbwa aitwaye Omar. Ndugu yetu Omar hakufika hata Tabora. Masika yalimkuta kwenye kinamasi cha Makata, tumbo likamuua. Wapagazi walivuka maji yaleyale, mizigo kichwani, na safari ikaendelea.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake karibu miezi tisa, mpaka wakafika Bagamoyo Februari 1874. Hiyo ni maili zipatazo elfu moja, na maiti begani. Medali yao? Waliofika pwani wakaupokea mzigo na kuendelea nao. Livingstone akazikwa London Aprili 1874, na Chuma na Susi wakapelekwa Uingereza mazishi yamekwisha. Chuma na Susi waliovuja jasho hawakuwepo, waliovaa suti walikuwepo. Mchezo huu si wa leo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wapo wanaosema jina la mji huu limetokana na "bwaga moyo". Kwa mpagazi maana yake ilikuwa raha: umefika, tua mzigo, dai ujira wako, pumzika. Kwa mateka aliyefungwa mnyororo maana yake ilikuwa kukata tamaa: mbele ni bahari, nyumbani hurudi tena. Njia ilikuwa moja, jua moja, kilometa zilezile. Lakini mmoja alijua mwisho wa safari ni wapi na atalipwa nini. Mwingine hakuambiwa kitu. Wote wawili walivumilia. Je, utawapa wote sifa moja ya uvumilivu na kunyamaza?

Ndiyo sababu mwanariadha wa kweli namvulia kofia, ingawa sina kofia. John Stephen Akhwari alianguka kwenye marathoni ya Mexico City Oktoba 1968, goti likaumia, akafungwa bendeji na kuendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Mbwa angelala pale pale. Akhwari hakulala, kwa sababu alijua utepe uko wapi. Naye Alphonce Simbu, Septemba 2025 kule Tokyo, alikimbia kilometa zote zile akashinda dhahabu ya dunia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Sehemu tatu za mia! Hebu fikirini kama amebakiza hatua mbili, mkubwa mmoja angesimama na kusema: jamani, utepe tumeusogeza mbele kidogo, endelea kuvumilia.

Mngepiga kelele nchi nzima. Lakini utepe wa maisha yenu ukisogezwa, mnapiga makofi.

Mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera, wananchi waliambiwa wafunge mkanda miezi 18. Wakafunga. Mpaka leo sijasikia kipenga cha kuufungua.

Chukueni bandari ya Bagamoyo. Mwaka 2013 makubaliano na Wachina yalitiwa saini. Oktoba 2015, uchaguzi ukiwa mlangoni, Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akaukataa mradi, akasema masharti yale ni mwendawazimu tu anayeweza kuyakubali. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Sibishani kuhusu nani alikuwa sahihi. Mimi nauliza kuhusu waliokuwa mbioni. Wananchi wa vijiji kama Pande na Mlingotini walifanyiwa tathmini wapishe bandari, na wapo waliolalamikia fidia. Mtu aliyeambiwa shamba lake ni la mradi apande mnazi au asipande? Mnazi uliopandwa mwaka 2013, kufika 2021 ulikuwa umeanza kuzaa. Aliyeacha kupanda kwa kungoja bandari, mwaka huo hakuwa na bandari wala dafu. Hiyo ndiyo marathoni ndefu kuliko zote nilizoziona pwani hii, na haina hata kituo cha maji.

Na nyie vijana wa mjini msicheke. Machinga anayetoka Tegeta na nguo begani, akazunguka kutwa mpaka Kariakoo, hana namba kifuani wala mtu wa kumpigia makofi. Mgambo wakitokea anachanja mbuga. Huyo ndiye mwanariadha pekee ambaye sisi mbwa tunamwelewa, maana anakimbia kwa kuwa anafukuzwa. Jioni anawasha redio, anasikia mheshimiwa akihimiza wananchi wawe wavumilivu. Mheshimiwa huyo ndani ya shangingi hajui hata jasho lina ladha gani.

Hata zinazoitwa Mbio za Mwenge zilinishangaza. Mwaka 1961 Mwenge ulipandishwa Kilimanjaro kwa miguu, nikatarajia kuona watu wa aina ile. Siku ulipopita huku nilijiandaa, nikanyoosha viungo. Kumbe ni msafara wa magari! Katika mbio zile aliyekimbia mwendo mrefu kuliko wote ni mimi, tena nilifukuzwa.

Siwaambii mwache kukimbia. Kimbieni, mwili wenu umepewa kipaji ambacho sisi tumenyimwa. Lakini kabla ya kuvuja jasho, ulizeni maswali ambayo mpagazi aliuliza na mateka akanyimwa: mwisho uko wapi, ujira wangu ni kiasi gani, na nani amekaa jukwaani kunitazama? Asiyejibu hayo hataki mwanariadha, anataka punda.

Kuna mchezo ambao watoto wa hapa hunichezea. Anainua mkono kama anarusha mfupa, nami natimka. Narudi patupu, wanacheka. Mara ya pili natimka. Mara ya tatu natimka, lakini nageuka katikati ya njia. Mara ya nne sikimbii. Nakaa kitako, natazama mkono.

Ninyi mmesoma, mimi sikusoma. Uchaguzi hurudi kila miaka mitano, na mkono huinuliwa. Mimi mwenzenu mara nne zilinitosha. Ninyi mko ya ngapi?