Mota Kubwa Isitangulie

Kila nitoapo gari langu la kuongozwa kwa redio, wanafunzi huniuliza swali moja tu: "Mwalimu, laenda mbio kiasi gani?" Hakuna aulizaye limeungwaje. Siwalaumu, maana mimi mwenyewe nalianza kwa swali hilo hilo, nalo likanila fedha.

Gari hilo laitwa Grasshopper, yaani panzi, nalo ni la kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, katika nchi ya Japani. Lilitolewa kwanza mwaka 1984, likatolewa tena mwaka 2005. Ukubwa wake ni sehemu moja ya kumi ya gari la kweli. Walakini ufunguapo sanduku huoni gari. Waona vipande vya plastiki, springi, giya, skrubu nyingi, na kitabu cha picha. Kuliunga ni kazi yako. Chombo cha mkononi hutuma mawimbi ya redio, na chombo kilichomo garini huyapokea na kuyagawa kuwa amri mbili: moja huenda kwa kimota kigeuzacho magurudumu ya mbele, na ya pili kwa kidhibiti cha mwendo, kipimacho umeme uendao kwenye mota kubwa ya nyuma.

Mota ya panzi ni ya aina iitwayo 380, unene wake milimita 28 hivi. Ndugu yake, Hornet, aliyetolewa mwaka uo huo wa 1984, alipewa mota ya 540, yenye unene wa milimita 36 hivi. Basi nami sikungoja hata juma moja. Nalitafuta mota ya 540 iliyo kali sana, nikaitia. Siku ya kwanza gari lilikimbia uwanjani, watoto wakapiga kelele, nami nalijiona fundi mkubwa. Siku ya tatu lilisimama katikati ya uwanja, mota ikinguruma na magurudumu yametulia tuli.

Nilipolifungua naliona kosa langu. Ekseli za gari hili, litokapo sandukuni, huzunguka ndani ya bushi za plastiki. Mwendo ulipozidi, bushi zililiwa, matundu yakawa na umbo la yai. Ekseli ikaanza kucheza. Na ekseli ichezapo, meno ya giya hayashikani barabara, hugusana kwa ncha tu. Ncha zikavunjika. Mota yenyewe haikuwa na dosari. Naliipa kazi mahali pasipoweza kuistahimili.

Kwa hiyo nasema, atakaye kuliongezea gari nguvu aanze kwa kuondoa yale yalizuiayo. Beringi za chuma, ambazo ndani yake mna vigololi, ni bei ndogo kuliko mota. Jaribuni wenyewe: inueni gari, zungusheni gurudumu la mbele kwa kidole, mhesabu. Langu lenye bushi lilikuwa likisimama kabla sijafika tano. Baada ya kutia beringi nalichoka kuhesabu. Umeme uliokuwa ukipotea katika msuguano sasa hulipeleka gari mbele, na betri ile ile hudumu zaidi. Mota haijaguswa bado.

Yuko mwalimu mwenzangu anichekaye. Asema, raha ya mchezo huu ni mbio, na mwenye busara hununua gari lililoungwa tayari. La kwanza nalikubali. Hata mimi hupenda kuona vumbi. La pili nalikataa kabisa. Aliyenunua gari tayari, likimharibikia, hajui skrubu ya kwanza iko wapi. Aliyeliunga mwenyewe husikia mlio umebadilika, akajua ni giya.

Tena liko jambo lisilo la mzaha, nalo ni betri. Betri ya zamani ya nikeli ina seli sita za volti 1.2, jumla 7.2. Ile ya lithiamu yenye seli mbili ina volti 7.4, na ni nyepesi, ndiyo maana wengi huitamani. Lakini kila seli yake isijazwe kupita volti 4.2, wala isiachwe kushuka chini ya 3. Ikijazwa kupita kiasi, au ikitobolewa, huweza kuwaka moto. Mtu asiichaji akaenda kulala. Na kidhibiti kisichojua kukata umeme betri ishukapo hakifai kwa betri hiyo. Kumbukeni pia hesabu hii ya nyaya: mkondo wa umeme ukizidi mara mbili katika waya ule ule, joto huzidi mara nne. Mota kubwa hunywa mkondo mwingi.

Mvulana mmoja wa darasa la saba ameweka fedha za mayai ya kuku wake mwaka mzima, naye ataka mota kali kupita ile iliyoniharibia langu. Nimemweleza haya yote, wala hakufurahi. Fedha ni zake. Tumepatana tu kwamba Jumamosi, kabla hajalipa, tutaligeuza gari lake juu chini na kuzungusha gurudumu la mbele, naye ndiye atakayehesabu.